Nitwike

"Hayo maharage unayapeleka wapi?"

Bibi aliniuliza hivyo asubuhi yangu ya pili Keza, Desemba iliyopita. Nilikuwa uani, nimevaa raba, nafunga mkanda wa begi kifuani. Ndani ya begi kulikuwa na kilo 10 za maharage niliyoyachota kwenye gunia lake na kuyafunga kwenye kiroba ili yasichezecheze mgongoni.

"Siyapeleki popote, Bibi. Natembea nayo mpaka kule juu shuleni, halafu nayarudisha."

Alinyamaza. Kisha akamgeukia shangazi aliyekuwa anafagia. Siku hizi Bibi hageuzi shingo, anageuka mwili mzima kama mlango. "Njoo umsikie mwanao," akamwambia. "Anayatembeza maharage."

Kufikia jioni habari ilikuwa imefika bondeni. Watoto waliniita mtembeza maharage hadi siku niliyoondoka. Naanza na kisa hiki kwa sababu makala hii ni uhakiki, na swali la Bibi lilikuwa uhakiki pia. Nimesoma mengi tangu hapo kuhusu zoezi la kutembea na mzigo, na bado sijakutana na swali lililogusa penyewe kwa maneno machache kama yale.

Kwa asiyelijua zoezi lenyewe: unachukua begi la mgongoni, unatia uzito, unatembea. Basi. Wamarekani wanaliita rucking, neno lililotoka kwenye rucksack, begi la askari, kwa sababu majeshi ndiyo yaliyolitumia zamani kuwakomaza vijana. Ushauri unaozunguka ni kwamba anayeanza abebe asilimia 10 hivi ya uzito wa mwili wake, aongeze polepole, na asizidi theluthi. Mapigo ya moyo yanapanda kuliko katika kutembea kwa kawaida, mgongo na nyonga zinafanya kazi, na magoti hayapati kishindo cha kukimbia.

Mimi niliingia kwa sababu ya magoti. Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya umahiri, Dar es Salaam, niliupitisha nimekaa: maktaba nimekaa, semina nimekaa, daladala nikibahatika nimekaa. Nilifika kilo 68 na nikaanza kuhema kwenye ngazi za hosteli. Nikajaribu kukimbia, magoti yakakataa. Ada ya gym ilikuwa sawa na chakula cha wiki mbili. Nikanunua begi la mtumba Kariakoo, nikatia chupa mbili za maji za lita tatu na kamusi moja, nikawa natembea Barabara ya Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo alfajiri, huku bodaboda wakinipigia honi: "Dada, stendi? Panda twende, utachelewa basi."

Kariakoo. Nilikuwa nimepita pale miaka miwili bila kulifikiria jina. Limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliowekwa kambini pale. Vita ile ilihitaji watu wa kubeba risasi na unga hadi porini ambako lori halifiki na ng'ombe wanakufa kwa mbung'o, na wapagazi waliochukuliwa Afrika Mashariki, wengi wao kwa nguvu, wanakadiriwa kufika milioni 1. Waliokufa ni makumi ya maelfu, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Ukitoka Kariakoo kwa miguu ukaelekea Posta utaikuta sanamu ya 1927, ya askari ameinamisha bunduki yenye singe. Mpagazi anakumbukwa zaidi kwa jina la soko. Na mimi hapo ndipo nilipochagua begi, nikalalamika kwamba mikanda yake haina sponji ya kutosha.

Kitabu kilichonipa maneno ya kulieleza zoezi langu ni The Comfort Crisis cha Michael Easter, mwandishi wa Kimarekani, kilichotoka 2021. Rafiki aliniazima nami nikakimaliza kwa siku tatu. Sitakidharau. Easter anakwenda Alaska kaskazini kuwinda, anakaa huko siku 33 na wenzake wawili, na katikati ya safari hiyo anachomeka hoja zake kuhusu njaa, uchovu, kifo na uvivu wa maisha ya starehe. Sehemu ya kubeba ndiyo iliyoning'ang'ania. Ameua karibu, mnyama wa jamii ya kulungu wa baridi, na sasa nyama lazima itoke porini kwa mgongo. Mzigo unazidi pauni 100, yaani zaidi ya kilo 45. Kurasa hizo ndizo bora za kitabu. Mwandishi aliyekuwa anajua kila kitu ghafla hajui kitu isipokuwa hatua inayofuata, na hata sentensi zake nadhani zinapungua maneno. Aliyewahi kubeba atamwamini.

Kisha anatoa hoja: binadamu ameumbika kwa mambo mawili ambayo wanyama wengine hawayawezi vizuri, kukimbia mbali na kubeba mbali. Kukimbia tumekugeuza mchezo, kubeba tumekuachia magari na magurudumu, na miili yetu imelegea. Turudishe mzigo mgongoni. Hapo anamleta askari wa zamani wa kikosi maalumu, Jason McCarthy, mwanzilishi wa kampuni ya mabegi ya zoezi hili, na wasomaji wengi nadhani huishia kutafuta begi na bamba la chuma la kutia ndani.

Mara ya kwanza niliisoma sehemu hiyo nikiitikia kwa kichwa. Mara ya pili, baada ya Keza, nilikwama kwenye mambo mawili.

La kwanza ni "sisi" yake. Sisi tumeacha kubeba. Sisi akina nani? Najua kitabu kiliandikiwa Wamarekani, na si haki kumshtaki mtu kwa barua asiyoniandikia. Lakini hoja yenyewe inasemwa kwa jina la binadamu wote, tangu mababu wa savana, na mababu hao wanawekwa kwetu, Afrika Mashariki. Tunaingia kwenye hadithi tukiwa mifupa ya kale, halafu tunatoka. Kwa wilaya kama Ngara hakuna mwaka ambao watu waliacha kubeba hata mtu aseme warudishe. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya saa 24 hivi, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya hii hii, na kila walichookoa kilikuwa kichwani au mgongoni. Shangazi alikwenda Benako wiki zilizofuata kuuza ndizi. Anachokumbuka ni watu waliokuwa wamefika, wamekaa chini, na bado wana ingata kichwani. Ingata ni kile kitambaa au majani yanayozungushwa kuwa pete ya kukalishia mzigo, waswahili wengine huita kata. "Mzigo wameuweka chini," alisema, "lakini ingata hawaitoi."

La pili ni dogo zaidi, na ndilo linalonisumbua kama mwanafunzi wa fasihi. Nyama ya Alaska ilikuwa na mahali pa kufika. Isingetolewa porini ingeoza, na mnyama angekuwa amekufa bure. Uzuri wote wa kurasa zile unatoka hapo. Halafu kitabu kinahama kutoka kwenye nyama kwenda kwenye bamba la chuma, kama vile ni jambo lilelile kwa sababu kilo ni zilezile. Bamba haliozi. Halisubiriwi na mtu. Ukilitua katikati ya njia hakuna atakayelala njaa. Mwandishi amedondosha kitu njiani na hakugeuka kukitazama, na kitu hicho ndicho Bibi alichokiulizia: unayapeleka wapi?

Sasa nije kwenye kosa langu mwenyewe, maana hadi hapa nimewasema wengine tu.

Muhula uliopita nilitoa mada kwenye semina kuhusu mwili katika maandishi ya safari. Nilitaka kuonyesha kwamba kabla ya hawa wenye mabegi walikuwapo mama zetu, nikatumia makala maarufu ya jarida la Nature ya 1986. Mwandishi wake wa kwanza ni Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia wa Kenya, pamoja na wenzake kutoka Marekani na Italia. Kichwa cha makala ni swali: je, wanawake wa Afrika wamegundua njia ya kubeba kwa gharama ndogo? Waliwapima wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani na wa Kikuyu wanaobeba mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso. Wakaona kwamba hadi mzigo wa asilimia 20 ya uzito wa mwili, nguvu inayotumika haiongezeki kabisa. Ni kama vile mzigo haupo. Mwaka 1995 Norman Heglund na wenzake wakaeleza namna inavyowezekana: mwili unaotembea unayumba kama pendulamu, na wanawake hao, wakiwa na mzigo, wanaitumia yumba hiyo vizuri kuliko watu wengine.

Unaweza kufikiri nilivyoisoma. Nilisimama mbele ya darasa nikasema, kwa sauti yenye mapambo, kwamba bibi yangu huko Keza anabeba bure, kwamba sayansi imethibitisha, kwamba shingo yake inajua kitu ambacho askari wa Marekani hawajakijua. Wakapiga makofi. Mimi mwenyewe nilijipigia moyoni.

Wakati wa maswali, mwanafunzi mwenzangu kutoka Kigoma aliinua mkono. Hakuwa na maneno mengi. "Na shingo?"

Nikajibu kitu. Sikumbuki nini, ila kilikuwa kirefu.

Baada ya semina nilirudi maktaba, na kwa mara ya kwanza nikatafuta kilichoandikwa baada ya 1995. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake walichapisha tafiti walizofanya kwa wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini, wakilinganisha kubeba kichwani na kubeba mgongoni. Kichwa cha mojawapo kinakana wazi kwamba mwanamke wa Afrika anapanda bure. Kwa jumla hawakuona kichwa kikiushinda mgongo. Wachache walibeba kwa nguvu kidogo ajabu, wengine walitumia nyingi, na hata walioanza kubeba wakiwa watoto hawakufanana. Na walipoulizwa wanasikiaje, habari ya shingo ikajitokeza: kichwani kunauma.

Sisemi kwamba Maloiy alikosea. Alipima alichopima, na alipima kwa uaminifu: hewa inayovutwa na mtu anayetembea kwa dakika chache. Makala yenyewe ni fupi, kurasa mbili, na kichwa chake kina alama ya kuuliza. Tatizo ni sisi tulioisoma. Alama ya kuuliza tuliiacha barabarani. Makala hii imezunguka dunia kwa sababu inampa kila mtu raha: Mzungu anastaajabu, Mwafrika msomi kama mimi anajivuna, na wote wawili wanaondoka wakiamini kwamba mzigo wa yule mama si mzito kama unavyoonekana. Waswahili wana methali ya hili, kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali inawasema watu wenye roho mbaya. Mimi niliifanyia kazi kwa mapenzi, na kwa kunukuu vizuri.

Hata tuukubali utafiti wa 1986 wote, hesabu ni hii. Bibi ana kilo 50 hivi. Asilimia 20 ni kilo 10, nusu ya ndoo. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, bila kuihesabu ndoo yenyewe. Kule Kilimanjaro mzigo wa mpagazi hauruhusiwi kuzidi kilo 20 na unapimwa kwenye mizani langoni. Bibi hajawahi kupimiwa. Mwaka juzi alipigwa picha ya shingo, akaambiwa pingili zimesagika, akapewa vidonge na kukatazwa kubeba kichwani. Siku ile ya makofi nilikuwa nalijua hili. Nilikuwa nimemtumia nauli ya kwenda kupiga picha hiyo.

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo katika maandishi yote ya zoezi hili sijakuta vinavyolingana navyo. Kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani. Kutua, au kumtua mtu, ni kumshushia. Vyote vinahitaji mtu wa pili. Ndoo iliyojaa huwezi kuinyanyua peke yako hadi utosini bila kujimwagia nusu yake, kwa hiyo kisimani neno la kwanza baada ya salamu ni "nitwike," na mlangoni kwa mtu neno la kwanza kabla ya salamu ni "nitue." Wanaogombana kisimani hutwikana pia, kwa uso wa kununa. Kipo kitenzi cha mtu anayefanya peke yake, kujitwika, lakini sikiliza tunavyokitumia: amejitwika madaraka, amejitwika yasiyomhusu. Kina harufu ya kiherehere. Zoezi langu la Sam Nujoma, kwa Kiswahili sanifu kabisa, ni kujitwika.

Kutua kumezaa maneno mengi. Ndege hutua, jua hutua, na tulia ni ndugu yake wa damu. Kituo nacho ni mtoto wake: mahali msafara wa wapagazi ulipoweka mizigo chini. Leo tuna kituo cha basi, kituo cha polisi, kituo cha afya. Na tuna kituo cha kuchotea maji, ambacho ukikifikiria ni kituo cha ajabu, maana pale hakitui kitu. Pale ndipo mzigo unapoanza.

Hapo naingia kwenye andiko la tatu, na ni fupi kuliko yote: "kumtua mama ndoo kichwani." Kila Mtanzania wa rika langu amelisikia kwenye hotuba, redio na mabango ya miradi ya maji. Wasomi wenzangu hulicheka kwa sababu ni la kisiasa, na limesemwa mara nyingi mpaka limechujuka. Mimi nadhani ndiyo sentensi bora kati ya hizi zote. Haimsifu mama kwa kubeba. Haisemi ana siri ya pendulamu. Inajua kwamba mzigo ni mzito na kwamba anayeubeba hawezi kuushusha peke yake, na inamtaja aliyeombwa kuushusha, ndiyo maana inaweza kudaiwa. Huwezi kukidai kitabu cha mazoezi.

Lakini nayo ina hesabu zake. Sera ya Maji ya 2002 iliweka lengo: kituo kimoja cha maji kwa watu 250, kisiwe mbali zaidi ya mita 400, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Tuseme lengo limetimia sawasawa, hakuna bomba bovu, hakuna foleni. Nyumba ya watu sita inahitaji lita 150. Hizo ni ndoo saba na nusu. Zidisha: safari nane, mita 400 kila moja, kilometa 3.2 na ndoo kichwani na nyingine 3.2 na ndoo tupu, kila siku ya Mungu. Hapo serikali imefaulu. Mama ametuliwa kilometa alizokuwa akitembea zamani, na hilo si dogo, Bibi mwenyewe anakumbuka kuamka saa tisa usiku kwenda bondeni. Ndoo iko palepale kichwani. Na bado sijagusa kuni, wala ndizi za kupeleka mnadani, wala mtoto mgongoni.

Mtu atasema: basi Bibi amefanya zoezi maisha yake yote, awe na afya kuliko sisi sote. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za kuushughulisha mwili kwa wiki, na Bibi alizimaliza kila Jumatatu na Jumanne. Andreas Holtermann na wenzake wa Denmark wamekuwa wakiandika kwa zaidi ya miaka kumi juu ya fumbo hili: mwili unaofanya kazi nzito kwa ajili ya ajira haupati faida ileile ya moyo anayoipata mwenye kufanya mazoezi kwa hiari yake. Bado wanabishana kuhusu ukubwa wa tofauti hiyo. Sababu wanazozitoa zinaeleweka hata bila maabara: kazi ni saa nyingi, ni mwendo uleule, na huwezi kuacha ukichoka. Mimi Ubungo nikichoka nakaa kwenye kituo cha daladala. Namimina chupa moja kwenye maua ya watu, begi linapungua kilo tatu.

Wala sijaacha zoezi. Nilitaka kuandika hapa kwamba nimeacha, ingependeza, lakini nimeshuka kilo 6 na ngazi za hosteli nazipanda nikiongea. Easter ana haki kwa mtu kama mimi, niliyeondoka Keza kwenda bweni nikiwa kidato cha kwanza na tangu hapo sikubeba kitu kizito kuliko vitabu. Kitabu chake kinafaa kwa waliokwisha kutuliwa.

Siku ya tatu Bibi alinipa suluhisho lake. Kama ni lazima nitembee na maharage, basi niyapeleke kwa jirani wa kule juu, tulikuwa na deni lake la mbegu la tangu msimu uliopita. Nilipanda na kilo 10. Njia ilikuwa ileile, kilo zilezile, nami nilitembea haraka zaidi, kwa sababu jirani huwahi shamba na nisingemkuta. Nikayamimina kwenye ungo wake, akayachambua kidogo kwa kidole, akaridhika. Nikarudi na begi jepesi nikijisikia nimeibiwa nusu ya zoezi, mpaka aliponikimbilia njiani na maparachichi manane.

Siku ya mwisho nilimfuata Bibi bombani. Alikuwa ametuambia anakwenda na dumu la lita 5, la kushika mkononi, kama alivyoagizwa. Nilimkuta amesimama kando ya ndoo iliyojaa, ingata tayari kichwani, anangoja mtu apite.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nitwike."

"Hapana, Bibi."

"Nitwike, maji yatapoa." Maji ya bomba, saa moja asubuhi, Keza. Alikuwa anatania, ila mikono tayari ilikuwa kwenye ukingo wa ndoo.

Nikaivua ingata kichwani kwake nikaiweka kwangu. Msichana mmoja wa shule alitusaidia. Yeye upande mmoja, Bibi upande wa pili, na sikuweza kumzuia asinyanyue. Ilipotua utosini niliona haya kwa jinsi dunia ilivyobana. Kilo 20, chini kidogo ya theluthi ya uzito wangu, ndani ya ushauri wa wataalamu. Shingo ilitetemeka. Mkono mmoja ukaenda juu kushika, halafu wa pili, na nilishindwa kutazama miguu yangu inakanyaga wapi. Bibi alitembea nyuma yangu akinielekeza kama mtu anayeegesha lori: kulia, kulia, jiwe hilo, usiiname. Maji yalikuwa yanashuka mgongoni. Watoto waliacha kuniita mtembeza maharage, wakawa wanahesabu matone.

Mlangoni nilisimama. Sikuweza kuinama, wala kupiga hodi.

"Bibi," nikasema, "nitue."

Alimwita shangazi. Wakaishusha wawili, ikagonga jiwe la mlangoni, yakamwagika mengine kwenye miguu yetu wote watatu. Bibi akachungulia ndani ya ndoo. Yalikuwa yamepungua karibu theluthi. Akasema yanatosha kubandika maharage, ya kuogea nikachote tena.